Dereva Aliyeandikwa kwenye Bima

Oluka alipokufa alimwachia mkewe, Anyait, watoto watatu, shamba la mihogo huko Angurai, na lori kuukuu la tani kumi alilolinunua baada ya kuendesha magari ya watu kati ya Mombasa na Kampala karibu maisha yake yote. Ini ndilo lililomwondoa, tena upesi. Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka vizuri wakati shemeji za Anyait walipoleta mnunuzi kuliangalia lori. Mnunuzi alifungua boneti, akapiga magurudumu teke, akatikisa kichwa kama watu wa biashara wanavyofanya ili kushusha bei. Anyait aliwapa chai wote, akangoja wamalize kunywa, kisha akawaambia lori haliuzwi. Walipomuuliza nani ataliendesha, alisema ni yeye.

Hakuwa anasema kwa hasira tu. Oluka alikuwa na tabia ya kurudi nyumbani na lori tupu, na wakati wa kiangazi, mihogo ikishang'olewa, alikuwa akimkalisha mkewe kwenye usukani na kumfundisha kulizungusha shambani. Ulikuwa mchezo wa mume na mke. Sasa Anyait aliupeleka mchezo huo shule ya udereva Bungoma, akawa mwanamke peke yake katika darasa la magari makubwa, miongoni mwa vijana waliokuwa wakimwita Mama Lori. Siku ya mtihani alirudi nyuma kati ya mapipa bila kugusa hata moja, na mkaguzi aliandika tu na kuita anayefuata. Leseni ilipotoka Anyait alichinja kuku. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na ukiondoa kitambulisho na kadi za kliniki, hakuwa amewahi kuwa na kitu cha serikali chenye jina lake.

Bima ya zamani ya Oluka ilikuwa imeisha akiwa hospitalini. Kwa hiyo Anyait akashuka Busia mjini kumtafuta Jamirah, wakala aliyekuwa akimhudumia marehemu. Jamirah alikuwa mwanamke kijana tu, Mwislamu wa hapo mjini, binti wa msafirishaji, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mitungi ya gesi. Alimpa Anyait pole ya msiba, akapokea karatasi za lori, akazipitia akiitikia kwa kichwa. Alipofika kwenye leseni akaacha kuitikia.

Alipiga simu kampuni moja baada ya nyingine, spika ikiwa wazi, Anyait akisikiliza. Kila mahali mambo yalianza vizuri. Gari la mwaka gani, linabeba nini, linapita barabara gani. Halafu likaja swali la dereva amekuwa na leseni ya magari makubwa kwa muda gani, na Jamirah akajibu, na sauti ya upande wa pili ikabadilika ikawa ya mtu anayetaka kukata simu. Wengi walisema lazima dereva awe na miaka miwili, lori la biashara si gari la kwenda kanisani. Kampuni moja ilikubali bima ndogo, ile ya kulipa watu wengine tu. Lakini tajiri wa Malaba aliyekuwa akimpa Oluka mizigo ya vitunguu na mahindi hakuwa anapakia chochote kwenye lori lisilo na bima kubwa, ile inayolipa lori na mzigo pia.

Anyait aliuliza mtu anapataje hiyo miaka miwili kama hakuna anayemruhusu kuendesha. Jamirah akamwambia kila mtu humuuliza hivyo. Wengi wao huanzia kwenye makampuni yenye malori mengi, wakiendesha chini ya bima ya tajiri. Basi Anyait akazunguka yadi za Malaba wiki nzima na leseni yake, akiongea na mameneja kwenye vumbi la malori yanayongoja kuvuka mpaka. Walimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, wakachukua namba yake ya simu, wakasema watampigia. Simu haikulia.

Mwishowe Jamirah akampa njia iliyobaki. Atafute dereva mwenye uzoefu na rekodi safi, jina la huyo liandikwe kwenye bima, na huyo peke yake ndiye aguse usukani.

"Nikuambie wazi, mama," alisema Jamirah. "Akiendesha mtu mwingine siku moja tu, na ajali itokee siku hiyo, hawa watu watakuruka. Hata kama huyo mtu ni mwenye gari."

Dereva aliyepatikana aliitwa Wandera, mzee wa Matayos aliyekuwa ameendesha malori tangu ujana na hajawahi kugonga hata mbuzi. Kampuni iliposikia jina na miaka yake haikuuliza zaidi. Stika ikabandikwa kwenye kioo cha mbele, tajiri wa vitunguu akapiga simu mwenyewe, na lori la Oluka likarudi barabarani, mzee Wandera akiwa kulia kwenye usukani na Anyait kushoto, leseni yake ikiwa kwenye mkoba.

Walielewana. Wandera hakuwa mtu wa matusi wala pombe. Mkewe Rosebella, aliyekuwa akiuza omena za Port Victoria sokoni, alikuwa akimfungia chakula cha watu wawili kila asubuhi, na mara nyingine alimtumia Anyait salamu na fungu la samaki. Lakini Anyait hakukaa sana kwenye kiti kile kabla ya kugundua kwamba mzee haoni vizuri. Jua likianza kushuka alipunguza mwendo, akasogeza uso karibu na kioo. Alikuwa na namna ya kuuliza kana kwamba anapiga gumzo tu, "Hao mbele ni ng'ombe ama ni watu?" Na Anyait akamjibu kana kwamba ni gumzo. Baadaye hakungoja aulizwe. Akawa anamtajia matuta, mashimo, baiskeli zisizo na taa. Alijua pia kwamba mzee ana presha na kwamba dawa humeza akikumbuka. Kuna siku aliingia mjini akiwa amepania kumweleza Jamirah, akafika mpaka kwenye mitungi ya gesi, akageuka. Bila jina la Wandera lori lingelala, na watoto walikuwa wamerudi shule muhula huo huo.

Ilikuwa Aprili, mchana, mvua inanyesha kwa nguvu. Walikuwa wametoka Malaba na vitunguu kuelekea Busia, wameshapita Adungosi, wakati Wandera alipoegesha lori kando bila kusema kwa nini. Anyait alifikiri anangoja mvua ipungue. Kisha akaona mkono wa mzee umekamata shati kifuani, na jasho linamtoka kwenye baridi ile. Alimwita, akajibu kwa sauti ndogo kwamba kuna kitu kimemkalia hapa, apumzike kidogo. Anyait akashuka, akasimama barabarani akipunga kanga. Gari moja dogo likapita likamrushia maji. Hakukuwa na bodaboda. Wote walikuwa wamejibanza mahali. Aliporudi, midomo ya mzee ilikuwa imebadilika rangi.

Hakufikiria bima. Baadaye watu walimuuliza kama aliifikiria, na yeye mwenyewe alijiuliza, na ukweli ni kwamba haikumpitia kichwani. Alimsukuma mzee hadi kiti cha kushoto, akamfunga mkanda, ukakwama, akauacha. Akaingia nyuma ya usukani, akakanyaga klachi, na lori likaondoka kwa utaratibu kama siku zile za shambani.

Aliendesha vizuri. Hilo hakuna aliyewahi kumsikia akilisema, lakini alilijua. Alipanda gia na kushuka bila kulitesa gari, alikata kona na mzigo wote nyuma bila kuyumba, na mkono mmoja alikuwa akiunyoosha kumshika mzee begani asianguke. Wandera alifungua macho mara moja, akamtazama, akasema, "Polepole tu, mama. Unaenda sawa."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Karibu na Alupe bodaboda alitoka njia ya udongo akiwa na gunia la makaa nyuma, kofia ya koti imemfunika macho. Anyait alipiga honi, kijana akainua uso wakatazamana, Anyait akakanyaga breki. Magurudumu ya mbele yakashika, ya nyuma yakateleza kwenye tope lililotapakaa kwenye lami, na lori likavuka barabara upande upande, likamchota kijana na pikipiki yake, likaenda kuegemea ukingo wa mtaro wa kulia. Mlango wa dereva ukabanwa na udongo. Ikabidi Anyait apite juu ya mzee ili atokee mlango wa kushoto, na alipopita, mwili wa mzee ukateleza ukaelekea kule kwenye mteremko, kifua juu ya usukani.

Watu walitokea kutoka pande zote, kama wanavyotokea siku zote. Walimkuta mwanamke amesimama kwenye mvua upande wa abiria na mzee amelala kwenye usukani. Wakajitungia mkasa wenyewe, kwamba dereva amefia kwenye usukani. Anyait hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amepiga magoti kwenye mtaro, amefunga paja la yule kijana kwa kanga yake na kukaza kwa nguvu zote. Kijana huyo, aliyeitwa Mulama, alikuwa amemkazia macho. Pikapu ya maziwa iliwabeba wote hadi hospitali. Mzee alikuwa ameshakufa. Mulama alikatwa mguu jioni hiyo, juu ya goti.

Askari aliyefika aliandika alichoambiwa na watu. Alimwambia Anyait pole kwa kumpoteza dereva wake, akamtaka afike kituoni akishatulia kuandikisha taarifa. Anyait akaitikia kwamba atafika. Hakuwa amedanganya mtu bado. Hakuna aliyemuuliza.

Kesho yake Jamirah alimkuta kwenye benchi la hospitali. Alikaa karibu naye, akamshika mkono, akaongea akiangalia ukutani. Alisema dereva aliyeandikwa akifa akiendesha, kampuni italipa lori, italipa vitunguu vya tajiri, na italipa mguu wa yule kijana bila vita ndefu. Ikiwa ni dereva mwingine, lori na vitunguu vimekwenda, na kijana atazungushwa kortini mpaka achoke, kisha wakishamlipa watamgeukia mwenye gari wamfilisi.

Anyait alimwambia, "Jamirah, mzee hakuwa..."

"Mimi sijakuuliza," alisema Jamirah. "Na usiniambie."

Anyait aliingia wodini kumtazama Mulama. Hapo ndipo alipotegemea kila kitu kiishie, kwa sababu kijana alikuwa amemwona kupitia kioo, jicho kwa jicho, kabla ya lori kumfikia. Alimkuta na kaka yake mkubwa, mtu mtaratibu aliyempisha kiti. Mulama alikuwa na mke na mtoto mchanga, na pikipiki ilikuwa ya mkopo. Aliongea kwa taabu, midomo imekauka kwa dawa. Alisema kaka yake amewauliza watu wanaojua mambo ya bima.

"Nilikuona wewe," alisema. "Lakini wakiniuliza, niliona mzee. Na wewe useme hivyo hivyo, mama. Mimi sina kitu kingine."

Alibaki Rosebella. Anyait alikwenda Matayos siku mbili kabla ya mazishi akiwa amejiandaa kupigwa, kufukuzwa, chochote. Rosebella alimpeleka nyuma ya jikoni, mbali na wanawake waliokuwa wakichambua mchele, na Anyait akamwambia yote, kuanzia Adungosi hadi mtaro. Alimwambia pia maneno ya mwisho ya mzee. Rosebella alilia aliposikia hayo ya mwisho, bila sauti, akijifuta kwa ncha ya leso. Kisha akasema alijua macho ya mumewe yamekwisha. Alijua na dawa hamezi. Alimwacha aende kila asubuhi kwa sababu nyumbani palihitaji kula, na Anyait alimwacha aendeshe kwa sababu hiyo hiyo.

"Sema ni yeye," alisema Rosebella. "Yeye haumwi tena. Wewe una watoto, na huyo kijana ana mtoto. Sema ni yeye, dada, tumalize."

Basi akasema. Alikaa mbele ya meza kituoni na kueleza kwamba mzee alishikwa na kifua akiwa anaendesha, lori likamshinda, yeye alikuwa kushoto na hakuweza kufanya kitu. Askari alimuuliza, kwa sababu jina lake lilionekana kwenye kompyuta, kama naye pia ana leseni ya malori. Anyait akajibu kwamba anayo, lakini lori hajawahi kuliendesha barabarani. Kati ya maneno yote ya uongo aliyoyasema siku hiyo, hilo ndilo lililomkwama kooni.

Kampuni ilituma mtu wake, akapima barabara, akaongea na Mulama, akaongea na watu wa Alupe walioapa kwamba walimtoa mzee kwenye usukani kwa mikono yao. Malipo yalichelewa, yakaja. Lori lilitengenezwa. Tajiri wa vitunguu alitulia. Mulama alipata mguu wa bandia na kufungua kibanda cha kuuza vipuri vya pikipiki.

Ila taarifa ya polisi haikai kituoni peke yake. Ilisomwa, ikasimuliwa, na kila aliyeisimulia aliongeza lake. Sokoni Busia wakasema mzee Wandera alikuwa kipofu na alificha. Wakasema alikuwa amelewa, mtu ambaye hakuwahi kuonja. Bodaboda walipopita karibu na nyumba yake walionyeshana kwa kidole. Ilipofika misa ya kumkumbuka, mwaka ukiwa umetimia, viti vingi vilikaa tupu, na jirani mmoja aliyealikwa kusema neno alisema tumwombee marehemu kwa yale aliyomfanyia kijana wa watu.

Anyait alikuwepo, amekaa nyuma. Baada ya watu kutawanyika alikwenda kusaidia kuosha sufuria. Rosebella alimnyang'anya waya wa kusugulia mkononi.

"Nilikuambia useme," alisema. "Sikujua watu wataamini."

Anyait alijipangusa mikono akaondoka. Alirudi Angurai, akakaa na maneno hayo majuma kadhaa, usingizi ukimkataa, na mwishowe akafanya jambo ambalo aliliona kuwa la kheri. Wandera alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa karibu, Austine, karani wa kutoa mizigo forodhani Malaba, kijana mwenye heshima aliyekuwa akimpenda baba yake kupita kiasi. Anyait alimwalika kwenye hoteli ndogo kando ya barabara ya malori, akaagiza chai na chapati, akamwambia kwamba baba yake hakumgonga mtu. Alimweleza nani alikuwa kwenye usukani na kwa nini. Alitaka angalau mtu mmoja wa nyumba ile alibebe jina la mzee likiwa safi.

Austine alisikiliza hadi mwisho. Chai yake ilipata utando juu. Aliuliza swali moja tu, nani mwingine anajua.

Anyait angeweza kusema hakuna. Alikuwa amechoka na uongo, na ulimi ukamtangulia. "Mama yako anajua," alisema. "Yeye ndiye aliyeniambia niseme hivyo."

Austine aliinuka, akalipia chai ya wote wawili, akaondoka. Hakwenda polisi. Alikwenda Matayos, na waliokuwa karibu walisikia sauti yake tu, si maneno. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa mama yake. Krismasi ilikuja ikapita. Pesa alikuwa akituma kwa simu, bila kupiga. Rosebella alihamisha meza yake ya omena kutoka soko la Busia, wengine wakasema anauzia Amagoro, na alimtumia Anyait ujumbe kwa mdomo wa mama mmoja muuza ndizi: kwamba hana ugomvi naye, ila asikanyage kwake tena, wala kwenye msiba.

Lori Anyait aliliuza mwaka huo. Jamirah alijaribu kumzuia, akamwambia sasa leseni yake imefikisha miaka miwili na kuna kampuni inayoweza kumkubali yeye mwenyewe. Anyait alimshukuru. Alisema magoti yanamsumbua. Mnunuzi alikuwa mtu wa Malaba, na lilipotolewa uani hakutoka nje kulitazama. Alirudi kwenye mihogo, watoto wakaendelea na shule, na akiulizwa na wageni kazi aliyokuwa akifanya zamani husema alikuwa na lori, mtu mwingine akiliendesha.

Mulama bado humpigia. Hupiga mwisho wa mwezi, akishafunga kibanda, na Anyait hupokea hata akiwa na jembe mkononi. Humweleza habari za mtoto, ameanza kutembea, ameanza kusema, na za mguu ambao huuma mvua ikikaribia. Humshukuru, na Anyait amekata tamaa ya kumkataza asimshukuru. Kabla ya kukata, kijana huyo humwomba amfikishie salamu mama yule, mke wa mzee, amwambie kwamba wao hawajasahau alivyowasaidia. Anyait humjibu kwamba atazifikisha. Mwezi unaofuata humuuliza kama zilifika, naye husema zilifika, mama amefurahi, naye anakusalimia sana.